Nimechaguliwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naombeni mnielekeze pa kuanzia

BintiMwaloni

Habari za jioni wakuu, wakubwa wote shikamooni.

Niko Ukerewe, kwenye kisiwa kidogo. Kutoka Nansio unavuka kwa mtumbwi wa injini. Mkutano wa kijiji umetupitisha mimi na kaka mmoja kuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mafunzo rasmi bado, tumeambiwa tusubiri kuitwa, ila mtendaji kanipa kabrasha la kujisomea. Elimu yangu ni kidato cha nne, Bailojia nilipata C, uuguzi sijausomea hata siku moja.

Sasa hilo kabrasha ndilo linanitoa jasho. Viashiria, vihatarishi, epidemiolojia, kinga ya ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu... Nikifika ukurasa wa nne, wa kwanza umeshafutika kichwani. Na huku mtaani wameshaanza kuniita dokta. Asubuhi kaja mama jirani na mtoto mgongoni anachemka, anataka dawa. Nikamwambia mama mdogo, mimi sina dawa, twende zahanati. Akaniangalia juu mpaka chini: "Sasa wewe wamekuchagulia nini?" Zahanati tulienda, mtoto kapimwa kakutwa na malaria, anaendelea vizuri. Lakini swali la yule mama sijapata jibu lake mpaka sasa.

Kwetu magonjwa ni yaleyale ya ziwani: kuhara, kichocho, malaria. Maji tunachota ziwani, vyoo vya kuhesabu, na upande wa pili kuna kambi ya wavuvi wa dagaa. Kwa mtu asiyejua kitu kama mimi, afya ya jamii inaanza kusomwa kutoka wapi? Msinitajie vyuo, nataka kitu cha kushika kesho asubuhi.

Nongwa_za_Kijiweni

Afya ya jamii ni kushika fagio siku mkuu wa wilaya anakuja, mnapigwa picha, mnarudi nyumbani. Hongera kwa cheo.

BwanaAfyaMstaafu

Marahaba binti, na hongera. Huyo wa juu mwache. Fagio nalo ni kazi, kama linashikwa hata siku ambazo mkuu wa wilaya haji.

Nimefanya ubwana afya Kanda ya Ziwa tangu enzi za baiskeli ya Phoenix mpaka enzi za kujaza ripoti kwenye kishikwambi. Zamani watu wakikuona unapanda kilima na kofia yako wanakimbilia chooni. Si kwa haja! Wanakwenda kutoa nyavu na magunia ya muhogo. Choo kimejengwa, kina mlango, kwenye ripoti kinahesabika, lakini ni stoo. Weka hilo pembeni, utalihitaji ukianza kuhesabu vyoo.

Jibu la yule mama ni hili. Mganga anakaa zahanati, mgonjwa anamfuata, anamuuliza unaumwa nini. Wewe unauliza maswali ambayo mgonjwa mmoja hawezi kuyajibu hata akitaka. Kwa nini wiki hii wameharisha watoto wa mwaloni, kule mitumbwi inakofikia, na si wa kule juu mlimani? Nani, wapi, lini. Hiyo epidemiolojia iliyokutoa jasho ndiyo hiyo, haina kingine kikubwa. Ila kuna swali la nne ambalo hata wenye digrii wanaliruka, na kwangu ndilo lenye kazi yote: kati ya wangapi?

Ukiniambia kwenu wagonjwa wa kuhara ni kumi, hujaniambia kitu. Kumi kati ya watu elfu mbili, wakati wa mvua, huenda ni wiki ya kawaida. Kumi kati ya kaya nane zinazochota sehemu moja ni mlipuko, ripoti siku hiyohiyo.

Chukua peni, tufanye hesabu moja. Haijatokea popote, nimeitunga, lakini zinazofanana nayo nimezikuta misibani zaidi ya mara moja. Kuna msiba, wamekula watu 80. Kesho yake 24 wanaharisha. Kijiji kizima kimeshamhukumu mpishi wa ubwabwa, maana kati ya wale wagonjwa 24, waliokula ubwabwa ni 21. Wengine wanasema hapana, ni maji ya kwenye pipa, kwa kuwa wagonjwa 20 waliyanywa. Ishirini na moja kwa ishirini. Kwa kuhesabu wagonjwa peke yao, mpishi ana kesi.

Sasa waulize na wazima. Hapo ndipo kazi yako ilipo, kwa sababu hakuna mtu anayewauliza wazima. Unakuta ubwabwa walikula watu 70 kati ya 80, karibu kila mtu. Walioula wakaugua ni 21 kati ya 70, asilimia 30. Ambao hawakuula kabisa ni 10, na wakaugua 3, asilimia 30 vilevile. Yaani ule usile, hatari ni moja. Nenda kwenye pipa: waliokunywa ni 40, wakaugua 20, nusu nzima. Wasiokunywa 40, wakaugua 4, asilimia 10. Aliyekunywa yale maji alikuwa na hatari mara tano ya mwenzake. Mpishi yuko huru, funga pipa. Tena mpishi mwenyewe kwa kawaida ni mjane fulani au bibi asiye na wa kumtetea, na maneno ya "katuwekea kitu" yameshaanza kupita. Kwa hiyo usidhani hesabu hii ni ya darasani tu.

Mwaka 1854 kule London, daktari John Snow alilishuku bomba la maji la Broad Street kwa njia hiyohiyo. Kipindupindu kilikuwa kinaua mtaa wa Soho na wakubwa wanasema ni hewa mbaya. Hakuishia kwa waliokufa. Aliuliza pia kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia palepale jirani hawafi. Walikuwa wanakunywa bia na maji ya kisima chao. Bakteria mwenyewe Snow hakuwa anamjua, lakini bomba alilipata.

Kichocho. Hiki kwenu ni cha tumbo, kinachoshambulia ini na bandama, na kitakufundisha kabrasha lote ukikielewa. Mtu mwenye kichocho anajisaidia ufukweni, mayai yanaingia majini yanaanguliwa, kile kijidudu kinatafuta konokono. Ndani ya konokono kinakua na kuzaliana wiki kadhaa, kisha vinatoka vidogo vingi, zaidi jua likiwa limepanda, vinaogelea kutafuta ngozi. Dakika chache tu mtoto akiwa majini vimeshaingia, wala hasikii kitu cha maana zaidi ya kuwashwa. Shuleni wanakuja kugawa prazikwanteli, watoto wanapimwa urefu kwa ule mti wenye alama, wanameza. Dawa ni nzuri, inaua minyoo iliyokomaa. Lakini haimlindi mtoto, saa nane anatoka shule anaruka ziwani, anaanza upya.

Hapo maneno ya kabrasha yanakaa mahali pake. Kumzuia asikipate, yaani choo, maji ya kuogea nyumbani, kutomtuma mtoto kufua ziwani, ndiyo kinga ya ngazi ya kwanza. Kumpima na kumtibu mapema ni ya pili. Aliyekwisha kuvimba tumbo, anatapika damu, kumfikisha hospitali asife ni ya tatu. Kihatarishi ni kuingia ziwani. Kiashiria ni namba unayoitazama kujua kama mnasogea au mmekaa palepale: kaya ngapi zina choo kinachotumika, kati ya kaya ngapi. Basi.

Na jambo dogo ambalo watu wa ziwani wengi hawaambiwi: vile vidudu vya kichocho vikikosa ngozi havimalizi siku mbili. Maji ya kuogea yakikaa kwenye pipa siku mbili, pipa likiwa halina konokono, kichocho kimekufa. Kuoga tu lakini. Kunywa ni habari nyingine, kipindupindu na homa ya matumbo hazifi kwa kusubiri, chemsha au tia dawa ya maji.

Kuhusu mtoto wa homa ulifanya sawasawa, usianze kuficha panado mfukoni ili uonekane dokta. Jifunze kwa moyo dalili za hatari: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki. Akiwa na mojawapo hakuna kusubiri kesho, tafuta mtumbwi. Kuharisha, anza ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, hukohuko nyumbani, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, ikipita siku mwaga changanya nyingine. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Na zinki atapewa zahanati, siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Akina mama wanaikatisha hapo, wafuatilie.

Kesho asubuhi: nunua kaunta buku. Kila kaya ukurasa wake. Wangapi wanaishi, watoto chini ya miaka mitano, nani mjamzito, wanachota wapi, choo kipo, kinatumika. Kabrasha lirudie ukimaliza kitongoji chako.

MamaAfya_HomaBay

Pongezi dada, sisi ni majirani, ziwa ni moja. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Kenya, ile programu iliyozinduliwa Septemba 2023. Tunapewa kila mtu kama kaya mia moja, na mkoba wenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa mkono wa mtoto.

Mzee amesema vizuri, naongeza utepe. Ukipewa, huo ndio mwalimu wako wa lishe. Ni wa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, mpeleke leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mfuatilie na azungumziwe chakula. Juu ya hapo kijani. Unavuta utepe ukaribiane na ngozi lakini usimbane. Na usimpime mtoto mmoja mnyonge pekee mbele ya watu, mama ataona unamwaibisha. Pima wote walioko uani, hata yule mnene anayecheka.

Lingine ni hiyo kaunta buku. Kuna mambo hayaandikwi mahali ambapo shemeji yako anaweza kufungua. Nani anatumia dawa za VVU, nani ameharibikiwa na mimba. Ukishatoboa siri moja, hiyo milango mia moja inafungwa na hakuna mafunzo yatakayoifungua tena. Mimi kaya nilizopewa naingia jikoni, nakaa kwenye kigoda, naomba maji. Hapo naona chombo cha kuchotea kiko wapi, kama mkono unaingia ndani ya mtungi, kama kuna sabuni karibu na kibuyu chirizi au kibuyu chenyewe kimekauka. Ukiuliza "mnanawa mikono?" kila mtu husema ndiyo.

Ndugu_wa_Beni

Jambo kwenu wote. Mimi niko Beni, Kivu ya Kaskazini. Kazi ya dada sisi tunaiita reko, niliifanya wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020.

Nisikilize dada, hesabu ni nzuri lakini watu wanaweza kuikataa. Kwetu walifika na magari mengi, wanaandika majina, nani aligusa maiti, nani alilala nyumba gani, wamfuate kila siku kwa siku 21 kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha mpaka hapo. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini watu wa Beni walikuwa wanauawa kwa mapanga na risasi miaka mingi, hakuna gari hata moja lililokuja kuandika majina ya wale wafu. Basi wakauliza: kwa nini kifo hiki ndicho mmekipenda? Wengine wakakimbia na wagonjwa wao, wakawazika usiku. Kule na huku wahudumu wakapigwa mawe, wapo waliouawa. Mpaka mwisho walikufa watu zaidi ya 2,200.

Kilichosaidia kidogo ni pale sisi wa mtaa tulipoenda mbele, bila gari, na kwanza kusikiliza. Kwenye mazishi tuliruhusu familia isimame mbali kidogo ione, pasta aombe, nguo aliyoipenda marehemu iwekwe na wale waliovaa mavazi ya kinga. Wewe una bahati, unaanza kabla ya mlipuko. Wakati hakuna ugonjwa ndio wakati wa kujulikana.

Nongwa_za_Kijiweni

Haya nimenyamaza. Swali la kweli sasa: vyoo mnavyopigia kelele, mwaloni ni mchanga mtupu. Ukichimba futi nne unakutana na maji, usiku kuta zinaporomoka. Sheria tunatishiwa nayo, choo kinakaa wapi?

BwanaAfyaMstaafu

Umeona, kumbe una akili.

Sheria ya Afya ya Jamii ipo tangu 2009 na faini zipo, lakini faini haishikilii mchanga. Sehemu kama hiyo shimo linajengewa kuta, kwa matofali au mapipa yaliyotobolewa, na maji yakiwa juu unainua choo chenyewe: shimo fupi, kisha unapandisha kuta juu ya ardhi, unapanda kwa ngazi. Ni ghali kuliko cha mlimani, ndiyo maana mwaloni mara nyingi inabidi kijiji na wenye mitumbwi wachange choo cha pamoja, mwenye funguo ajulikane na mwenye zamu ya kufanya usafi ajulikane. Kisogee mbali na ziwa kadiri eneo linavyoruhusu, na kisima kikiwepo iwe mita 30.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa shule, mama yangu alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya. Wale wa zamani mnakumbuka: redio moja, watu wamekaa chini ya mti, kipindi kikiisha wanajadili, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba. Nchi nzima waliingia watu kama milioni mbili. Mama hakujua kusoma. Ila ndiye aliyemlazimisha baba kuchimba choo, kwa sababu walikubaliana pale chini ya mti na majirani wote wanajua nani hajachimba. Jina la kampeni hiyo limefufuliwa siku hizi, nimefurahi, lakini ule mjadala wa chini ya mti siusikii sana, nasikia nyimbo.

BintiMwaloni

Nimerudi wazee wangu, asanteni mno. Kaunta buku nimeanza na kaka mwenzangu, tumemaliza kitongoji chetu na kambi.

Kaya ni 64. Zenye choo zilisema 23. Tukafanya alivyosema mama wa Homa Bay, hatukuuliza, tuliomba kutumia. Tisa vina buibui mlangoni na nyasi zimeota njiani, na kimoja kati ya hivyo kuku anaatamia. Vinavyotumika kweli ni 14. Kambini tumekuta watu wachache sana, 31, na choo hakuna, ila kwa watu 31 naona si tatizo kubwa.

Kitu kingine kimenichanganya. Zahanati kuna ubao, umeandikwa chanjo ya surua asilimia 112. Nimemuuliza nesi akacheka, akasema ndivyo ilivyo kwenye mfumo. Mtu anachanjwaje zaidi ya mia kwa mia? Na kama tumepita mia, mbona kwenye daftari langu nina watoto ambao kadi zao hazina ile ya miezi 18?

BwanaAfyaMstaafu

Binti, umeshaanza kunizidi. Wengi wanaona 112 wanapiga makofi.

Namba ya juu ni watoto waliochomwa, tuseme 56. Namba ya chini ni watoto wanaotarajiwa kuwepo, wilaya inaikadiria kutoka Sensa ya 2022, tuseme 50. Hamsini na sita kwa hamsini, 112. Sasa waliochomwa wametoka wapi? Wapo wa kwenu, wapo wa visiwa vya jirani walioshuka na mama zao sokoni, wapo wa wavuvi waliohamia baada ya sensa. Namba ya juu inaongezeka, ya chini imekaa palepale. Nesi hajadanganya, sensa haijadanganya, lakini asilimia yenyewe haina maana. Na mtoto wako asiye na dozi ya pili anajificha nyuma yake. Surua inahitaji dozi ya miezi 9 na ya miezi 18, na kuizuia isipate njia kijijini mnatakiwa kufika asilimia 95 hivi ya watoto wote, maana ni katika magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote tunayoyajua.

Kuna hesabu isiyohitaji sensa. Chukua rejista ya zahanati, hesabu waliopata chanjo ya Penta ya kwanza, ile ya wiki 6, na waliofika Penta ya tatu, wiki 14. Wakianza 60 wakamaliza 48, umepoteza 12 kati ya 60, asilimia 20. Zaidi ya asilimia 10 ni tatizo. Hapo namba ya chini ni watoto halisi wenye majina, hao ndio watoro wako, na kaunta buku inakuambia wanaishi nyumba gani. Muombe nesi mkae naye na rejista jioni moja. Usimwendee kama mkaguzi.

Kuhusu kambi, hao 31 wananipa wasiwasi lakini sijui maisha ya kambini kama wenyewe.

Karabai_Zima

Mimi ni mvuvi, nasoma kimya tangu juzi, nimecheka peke yangu.

Dada umehesabu kambi wakati wa mbalamwezi! Dagaa tunavua giza, taa inawavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, watu wanakwenda kwao, wengine Mwanza, wengine Musoma, wanabaki walinzi na wasio na nauli. Hao ndio 31 wako. Rudi giza likikolea uone. Mtumbwi mmoja una watu wanne, hesabu mitumbwi, ongeza wabebaji, ongeza akina mama wanaoanika dagaa na watoto wao, mama ntilie, wauza soda. Mia mbili watafika na zaidi, na choo ni kilekile sifuri. Sasa niambie kama si tatizo kubwa.

Na wakati wa kuja usije asubuhi na daftari. Asubuhi tumetoka ziwani, tumelala, ukigonga utatukanwa bure.

BwanaAfyaMstaafu

Haya ndiyo mambo ambayo hakuna kabrasha litakuandikia. Ahsante sana kijana wa karabai.

Binti, kambi ihesabu mara mbili, mbalamwezi na giza, uandike zote mbili na tarehe. Siku wakianza kuharisha watu 12 kambini, 12 kati ya 31 na 12 kati ya 200 ni habari mbili tofauti, na wakubwa wilayani watataka kujua ni ipi. Na wakihara kama maji yaliyooshea mchele, usisubiri kumaliza hesabu. Zahanati na mtendaji siku hiyohiyo, au piga 199, haikatwi pesa. Wengi wenye vijidudu vya kipindupindu hawana dalili au wanahara kidogo tu, na bado wanavitoa chooni, kwenye kambi isiyo na choo ina maana ziwani, mnapochota. Na wavuvi wataondoka navyo mbalamwezi ijayo mpaka Musoma.

BintiMwaloni

Shikamoo kaka wa karabai! Kumbe. Basi giza hili linaloingia tunarudi. Saa ngapi hamtanitukana?

Karabai_Zima

Marahaba. Njoo saa tisa alasiri, tumeamka, tunashona nyavu, bado hatujasukuma mitumbwi. Anza kwa mwenye kambi, umsalimie kwanza yeye. Uje na yule kaka mwenzako kwa sababu kuna vijana wana midomo. Na kama zahanati wana dawa ya maji, beba hata ya siku chache. Tumeshahesabiwa na watu wa leseni, wa kodi na wa uhamiaji, wote waliondoka na namba zetu hawakuacha kitu.

BintiMwaloni

Nimeongea na nesi, kanipa boksi moja la vidonge vya kutibu maji, kidonge kimoja ndoo ya lita 20. Kasema maji yakiwa na tope nichuje kwanza kwa kitambaa, kisha kidonge, kisha dakika 30 kabla ya kunywa. Kuna mtu anajua kambini wanatumia ndoo za lita ngapi?

Karabai_Zima

Madumu ya lita 20, yale ya njano ya mafuta ya kula. Ndoo ni za dagaa, hizo usiziguse.